Mwalimu Aliyenusa Paa

Mwalimu wetu alikuwa na kawaida ya kunusa paa. Kabla ya kipindi, na mara nyingi kabla hata ya kutusalimu, alivua viatu vyake, akapanda ngazi ya mbao iliyoegemezwa kwenye ukuta wa nyuma, akapiga magoti huko juu na kuinama mpaka pua yake ikagusa plastiki iliyolifunika. Sisi wanafunzi wake, wanawake watu wazima, tulisubiri chini na madebe yetu. Aliposhuka alikuwa na habari. "Bado linanukia," alisema, na siku hiyo kipindi kilikwenda kwa raha. Siku aliposhuka kimya, tulijua kwamba tutaulizwa hesabu za mara saba, na kwamba hakuna atakayesamehewa.

Hayo yalikuwa mjini Sultan Hamud, katika darasa la ngumbaru nililojiunga nalo Jumanne, tarehe 14 Januari 1975. Nazitaja tarehe kwa sababu ninazo. Mtu aliyejifunza kuandika tarehe akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, huku watoto wake wakimchungulia dirishani, hawezi kuzichezea.

Sitasema Mwalimu alizaliwa wapi wala alikuwa binti wa nani, maana yeye mwenyewe hakuruhusu mambo hayo. Mwanafunzi mmoja alipomuuliza ukoo wake, alijibiwa, "Ukoo hautahiniwi. Endelea kusoma." Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyosikika hadi stesheni, na hatukuwahi kumwita kwa jina. Naye hakutuita kwa majina. Kila mtu alikuwa "mwanafunzi", hata yule bibi mwenye wajukuu aliyekaa benchi la mbele kwa sababu ya macho.

Ili mtu aielewe ile pua, lazima kwanza aelewe maji. Jengo letu lilikuwa duka la zamani ambalo kanisa lilikuwa limeachiwa: kuta nene, madirisha madogo, na juu yake paa bapa la zege lililozungushiwa ukuta mfupi, mfano wa sinia lenye kingo. Zege hilo lilikuwa limepasuka. Mwezi wa Oktoba 1973, kabla ya mvua za vuli, Mwalimu aliwashawishi wazee wa kanisa walitandike plastiki badala ya kulifunika kwa mabati. Hoja yake ilikuwa kwamba sinia lipo tayari, na kilichobaki ni kulizuia lisivuje. Plastiki ikaja kutoka Nairobi ikiwa imeviringishwa, ya rangi ya kijivu iliyokolea, nzito kuliko watu walivyodhani, ikatandazwa na kuunganishwa kwa moto, na kingo zake zikabanwa ukutani kwa ukanda wa chuma. Watu wote waliiita nailoni. Mwalimu aliwasahihisha wote, pamoja na mchungaji. Tangu hapo, kila mvua iliyonyesha juu ya jengo lile iliingia kwenye bomba moja na kushuka katika tangi la saruji lililokuwa nyuma.

Na kila mwanamke aliyehudhuria kipindi alirudi nyumbani na debe moja la maji ya tangi hilo.

Anayeujua upande wetu huu mkavu wa Makueni hahitaji maelezo zaidi. Wanaume ambao wasingewaruhusu wake zao kwenda kuchora "a, e, i" waliwahimiza wasichelewe. Mume wangu, aliyefanya kazi ya reli na ambaye hakupenda maneno mengi, aliniambia siku ile ya kwanza, "Nenda. Lakini usirudi na debe tupu."

Mwalimu alijua. Mpango huo ulikuwa wake mwenyewe, na aliuonea fahari: herufi kwanza, maji baadaye. Hata hivyo, mpango huohuo ulimpa shaka ambayo hakuweza kuitua. Siku moja, akiwa katikati ya ngazi, alinitazama na kuniuliza, "Mwanafunzi, hili paa likifa, nani atabaki?" Hakungoja nimjibu, akaendelea kupanda. Lakini swali hilo ndilo lililompandisha juu kila siku ya darasa, miaka yote niliyosoma kwake. Hakuwa akichunguza plastiki tu. Alikuwa akipima ni muda gani zaidi tutaendelea kuwa wanafunzi wake.

Kupanda kwenyewe kulikuwa tamasha. Ndani ya rinda lake alivaa suruali ya khaki ya kaka yake, iliyokunjwa mpaka magotini, na wazee wa kanisa hawakuizoea kamwe. Kiongozi wao, tuliyemwita Mwenyekiti, alikuwa mzee mpole mwenye mkongojo na masikio makali. Siku moja alitoka nje katikati ya kikao chao na kuliita lile rinda lililokuwa juu.

"Sasa Mwalimu, sisi tuko kwa kikao hapa ndani, na wewe unatembea juu ya vichwa vyetu. Hiyo ni sawa?"

"Mwenyekiti, ningetembea chini yenu kama paa lingekuwa huko."

Lililotuchekesha zaidi ni kwamba aliogopa kushuka. Kupanda alipanda akiimba pambio. Kushuka alifumba macho na kutuachia sisi jukumu la miguu yake.

"Mguu wa kushoto uko wapi?"

"Uko hewani, Mwalimu."

"Basi uteremsheni."

Tuliushika kifundo, tukauweka kwenye kipandio, kisha tukaushika mwenzake. Mwanamke aliyetutetemesha kwa hesabu za mara saba alifika chini akitetemeka yeye, akavaa viatu, akajipangusa vumbi, na kutuuliza tunasimama hapo kufanya nini. Hatukuwahi kucheka mbele yake. Tulikuwa na adabu, na pia yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa tangi.

Mambo ya plastiki alifundishwa na kijana wa kampuni ya Nairobi, aliyekuja kuitandika na ambaye alirudi mara chache kuiangalia. Kijana huyo alimweleza kwamba plastiki ya namna ile kwa asili yake ni ngumu na huvunjika. Kiwandani huchanganywa na mafuta maalumu ili ilainike, na ile harufu ya viatu vipya tuliyoisikia ilikuwa ya mafuta hayo yakiondoka. Jua huyatoa, joto la zege huyatoa, hata maji yanayosimama huyatoa. Yakiisha, plastiki huurudia ugumu wake wa mwanzo.

"Kwa hiyo likinukia, ndiyo linakufa?" Mwalimu aliuliza.

"Likinukia, Mwalimu, bado lina kitu cha kupoteza."

Jibu hilo lilimfurahisha sana, akatutafsiria kwa lugha ya jikoni. Plastiki mpya, alisema, ni chapati iliyotoka sasa hivi motoni: ikunje, inakunjika. Baada ya miaka ni chapati ya jana: inakunjika ukiibembeleza. Mwisho ni chapati ya juzi, na kila mama anajua chapati ya juzi hufanya nini ukiikunja. Kwenye kona moja ya paa kulikuwa na mabaki yaliyozidi ukanda wa chuma, na kila Septemba Mwalimu alikata hapo kipande kidogo, akakikunja mbele ya darasa zima na kutangaza hali. Mwaka 1975 lilikuwa la leo. Mwaka 1979 lilikuwa "la leo asubuhi". Mwaka 1982 alikunja, akauona mstari mweupe mahali pa mkunjo, akakitia kipande mfukoni, kisha akatuandikia ubaoni sentensi iliyoanzia dirishani na kuishia mlangoni.

Paa lilikuwa pia linapungua. Hilo sikuliamini mpaka nilipopandishwa mwenyewe, mwaka 1981, maana Mwalimu alitaka kila mwanafunzi aone kwa macho yake mahali maji yake yalipotoka. Plastiki inayopoteza mafuta husinyaa, na kwa kuwa imebanwa pande zote, huanza kuvuta. Kwenye kona ilikuwa imejitoa ukutani na kukazika kama ngozi ya ngoma, na chini yake palikuwa na uwazi ambao mkono wangu ungeweza kuingia.

"Ukikanyaga hapo," Mwalimu alininong'oneza, kana kwamba paa linasikia, "umetuvunjia darasa."

Katikati palikuwa na bonde dogo ambamo maji yalisimama baada ya kila mvua. Vumbi la barabara ya Mombasa lilizama humo, likakauka na kujikunja kama maganda ya kitunguu, na kila ganda liliponyanyuka liling'oa kidogo uso wa plastiki. Lakini upande uliokaa kwenye kivuli cha ghala la jirani, plastiki ilikuwa bado laini na yenye rangi yake, kama siku ilipoletwa. Lilikuwa paa moja lenye umri wa aina mbili. Niligundua pia kwamba Mwalimu wetu alipiga magoti upande ule wa kivuli, sikuzote. Nikamwambia kwa heshima kwamba huenda ananusa pale panapompendelea.

Akajipangusa magoti. "Mwanafunzi," alisema, "kipindi kijacho utatusomea insha. Kurasa mbili."

Sheria zake za paa zilikuwa kali, na zilikuwa za watu wengine. Viatu marufuku. Kuanika mbaazi marufuku, kwa sababu mbaazi zikianikwa atatokea mtu wa kuzipura, na fimbo haichagui inapopiga. Hata hivyo, mwezi wa Juni 1980, aliyepanda kufagia alikuta majani ya kunde yametandazwa kwa ustadi juu ya gunia safi. Tukauliza ni ya nani.

"Ni ya utafiti," alisema Mwalimu.

Utafiti huo uliliwa kwa ugali wiki iliyofuata, nasi tulikaribishwa, na ulikuwa mtamu.

Alikuwa bahili wa chaki kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Kipande kilipokuwa kidogo kiasi cha kutoshikika alikichomeka kwenye mrija wa mpapai na kuendelea kuandika. Lakini maji hakuyapima kwa ubahili. Mwanamke aliyekuja mjamzito alijaziwa debe na kubebewa na wenzake, na aliyekuja na jicho lililovimba hakuulizwa swali. Alipewa maji, akapewa na kazi ya kusoma kwa sauti, ili asikae kimya nalo. Hakuvumilia uongo wa mwanafunzi hata kidogo. Wazee wa kanisa, walipomuuliza paa linaendeleaje, aliwajibu kila mara, "Linaendelea," na hakusema kuelekea wapi.

Ugumu wa paa ulipozidi, ukazaa vyama viwili. Wazee, wakiongozwa na Mwenyekiti, walishikilia kwamba paa linakomaa. Kwao kibuyu ndicho kilichokuwa kipimo: kibichi hakifai kitu, na ni kile kilichokauka mpaka kikalia kwa ukucha ndicho kinachoaminiwa kubeba uji. Mwenyekiti aliinama kwenye kipande cha ile plastiki, akakigonga, na uso wake ukang'aa.

"Sikia. Imeiva hii. Sasa ndiyo imekuwa ya kudumu."

Sisi wanawake tulikuwa chama cha pili, na tulikosea kwa namna yetu. Kila mmoja wetu alikuwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita juu ya kichwa tunapobeba kuni au maji mgongoni. Mukwa usiopakwa mafuta hukauka, hupasuka, na siku moja hukuachia mzigo njiani. Mama zetu walitufundisha kuupaka mafuta ya mbarika mpaka ulainike kama sikio la mbuzi. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba paa limeishiwa mafuta, tulitazamana. Dawa ilikuwa nyumbani kwa kila mtu. Yule bibi wa benchi la mbele ndiye aliyeisema.

"Mwalimu, kama ni mafuta imepoteza, si tuirudishie tu?"

Mwalimu alikuwa ameambiwa na kijana wa kampuni kwamba mafuta yale huchanganywa kiwandani kwa moto na hayapakwi juu. Alipaswa kukataa. Lakini Septemba hiyo ya 1983 kipande chake kilikuwa kimevunjika mkononi mbele yetu sote, kwa mlio, kama biskuti.

"Mnayo kiasi gani?" aliuliza.

Jumamosi tukapanda kwa zamu, bila viatu, na vitambaa na vibuyu vya mafuta ya mbarika, tukalipaka paa zima kutoka kingo hadi mdomo wa bomba, tukiimba, kwa upole kama watu wanaompaka mtoto mchanga. Lilipendeza. Liling'aa kiasi kwamba abiria wa garimoshi walinyoosha vidole. Mwalimu akapiga magoti katikati, si kivulini, akanusa na kutangaza kwamba linanukia kama nyanya yake.

Mafuta hayakuingia hata tone. Yalikaa juu, na kila lori lililopita lilituletea vumbi lake, nalo likanata. Wakafuata sisimizi. Mvua ya kwanza ya Novemba ikasukuma uji wa kahawia hadi ndani ya tangi, na kwa wiki kadhaa juu ya chai ya nyumba zetu yalielea macho ya mafuta kama ya mchuzi. Mume wangu alikunywa kikombe kizima, akakitua mezani polepole.

"Leo mmesoma nini?"

"Hesabu," nikasema.

"Nilidhani mmesoma kuku."

Mwalimu alilichukua kosa hilo kwa uchangamfu. Alitupandisha tena, safari hii na majivu na sabuni, na kwa mwezi mzima alitutungia mazoezi ya imla yaliyojaa neno "kusugua". Ukame wa 1984 ukalifunga darasa mpaka mvua ziliporudi, kama ulivyofunga mambo mengi zaidi ya hilo, na paa likaungua mwaka mzima pasipo tone la kulipoza.

Lilikufa asubuhi ya baridi, Julai 1985. Wageni wa kanisa walikuwa wamekuja kutoka Mwingi, wakitaka kujua kama nao watandike plastiki kwenye jengo lao, na Mwenyekiti akaamua kuwaonyesha mwenyewe. Mwalimu alimsihi asipande. Akapanda. Sisi tulikuwa chini tukiwasikia, na yale tusiyoyaona tulisimuliwa baadaye.

"Angalieni venye imekomaa," alisema, akainua mkongojo na kugonga kwenye kona, pale palipokazika.

Hakugonga kwa nguvu. Plastiki ililia kama sahani, ufa ukakimbia kutoka konani hadi karibu na bomba, na mkongojo ukabaki umesimama peke yake. Wageni walishuka mmoja baada ya mwingine bila swali. Mwenyekiti hakushuka. Tulimwona amesimama ukingoni, mikono imelegea, mzee mkubwa asiyejua ageukie wapi. Mwalimu akapanda vipandio vichache, akamwita kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia.

"Njoo, Mwenyekiti. Fumba macho. Mguu nitakuonyesha mimi."

Kijana wa kampuni, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, aliitwa kutia kiraka. Plastiki mpya haikukubali kushikana na ya zamani. Akaikwangua, akaisafisha kwa dawa, akaichoma upya, na hatimaye kiraka kikashika. Mvua ya pili ilipopita, paa lilipasuka kando ya kiraka. Akakichunguza kwa haki. "Kiraka ni kizima," alisema. "Kilichokufa ni jirani yake." Baada ya hapo hakuwa na la kufanya ila kunywa chai na kutupa pole.

Kufikia Machi 1986 tangi lilikuwa kavu. Mvua iliyokuwa ikienda huko sasa ilipita kwenye nyufa za zege na kuingia darasani, na tulijifunza kuhamisha benchi katikati ya sentensi. Kanisa halikuwa na uwezo wa kununua mabati mwaka huo. Akatokea mfanyabiashara wa chupa tupu, aliyetaka kulikodi jengo na ambaye hakujali kuvuja kwake, maana chupa hazilowani. Wazee wakaitisha kikao, wakamwita Mwalimu, nami nikaenda kama mwakilishi wa wanafunzi.

Mwenyekiti alikuwa amezeeka mwaka ule. Aliuliza bila uchokozi.

"Mwalimu, tuambie ukweli. Hawa wamama walikuwa wanakuja juu ya maji. Sasa maji hakuna. Watakuja?"

Mwalimu alisimama. Nilikuwa karibu naye, nikaona vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la rinda.

"Watakuja," alisema.

"Una hakika?"

"Nimewafundisha mimi."

Wakampa muhula mmoja. Wanafunzi wakiendelea kuja, darasa litabaki na mabati yatatafutwa. Wasipokuja, jengo ni la chupa. Tulipotoka nje hakunitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alipita pale nyuma bila kuigusa ngazi.

Muhula ulianza Jumanne, tarehe 6 Mei 1986. Hakutuzungukia majumbani kutubembeleza, wala hakutuma mtu. Nilipofika nilimkuta ametupa mgongo, anaandika tarehe ubaoni, na tarehe hiyo ilichukua muda mrefu kuliko tarehe yoyote niliyowahi kuona ikiandikwa. Benchi zililia nyuma yake, moja, halafu nyingine. Hakugeuka. Alimaliza mwaka, akaweka nukta, akaikoleza nukta. Mwishowe hakukuwa na la kuongeza, akageuka. Benchi mbili za mbele zilikuwa zimejaa. Ya tatu ilikuwa na mapengo. Zile za nyuma hazikujaa tena mpaka leo.

"Mmechelewa," alisema, nasi hatukuwa tumechelewa. "Mara saba. Anza wewe."

Muhula ulipokwisha, Mwenyekiti alisimama mlangoni, akatutazama, akasema kwamba mabati yanatafutwa. Yalifika mwaka 1988. Mwezi wa Novemba 1989 niliufanya mtihani wa darasa la nane kama mtahiniwa wa binafsi, katika chumba kimoja na watoto waliodhani nimekuja kuwasimamia, nikafaulu. Sioni haya kulisema. Mwalimu alistaafu mwaka uliofuata na kuhamia Tawa, na mume wangu akafariki mwaka 1991, tarehe 9 Machi. Mabaki ya plastiki yaliteremshwa vipandevipande, na jirani mmoja akayatumia kufunikia banda la kuku, ambako hayakumaliza mwaka.

Nilimwona Mwalimu mara moja tu baada ya hapo, Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1994, nilipokwenda Tawa kwa harusi ya mpwa wangu. Nilielekezwa nyumba yake, nyuma ya soko. Alikuwa ameketi nje akichambua mbaazi, mfupi kuliko nilivyomkumbuka, sauti ileile.

"Mwanafunzi. Keti. Pole kwa mzee wako. Nilisikia nikiwa nimechelewa."

Tukanywa chai. Alinisahihisha mara mbili. Aliniuliza habari za kila mtu, akaniambia kwamba hapandi kitu chochote kirefu kuliko kitanda. Kisha akaacha kuchambua.

"Nataka kukuuliza, na usinifiche. Siku ile niliwaambia wazee mtakuja. Sikuwa na hakika. Niliwadanganya wazee wa kanisa wakiwa wameketi. Mpaka leo nafikiri mlikuja kwa kunihurumia. Mlinihurumia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa maji ya nyumbani alikuwa anateka nani?"

Hapo nikamweleza. Mchana ule wa tarehe 6 Mei mume wangu alikuwa ametoka zamu. Nilimwambia ninakwenda darasani. Akaniuliza, "Kuteka nini?" Nikamjibu kwamba hakuna cha kuteka, ninakwenda kusoma. Akatoka nje, nami nikajua amekasirika. Nilipotoka na daftari langu nilimkuta uani akimfunga punda mitungi. Mwanamume Mkamba, mtu wa reli, na shati lake la kazi, jua likiwa utosini na majirani wakiwa milangoni, akamswaga punda wa maji kuelekea kisimani, kazi ambayo hakuna mwanamume wa mtaa wetu aliyeifanya. Aliniambia bila kugeuka, "Nenda, utachelewa." Na alifanya hivyo kila Jumanne na kila Alhamisi, mpaka mabati yalipokuja. Aliniomba nisimwambie mtu, nami sikusema alipokuwa hai.

Mwalimu alikuwa ameshika mbaazi mkononi na hakuzitua.

"Mimi nilikuwa nawafikiria ninyi tu," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Alimfunga punda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na watu wakimwona?"

"Walimcheka. Walimwita Mama Mwende, jina langu mimi. Akawa anaitika."

Akacheka mpaka ungo ukamteleza magotini, na mbaazi zikamwagika, na hakuna aliyeinama kuziokota. Alipotulia alijipangusa macho kwa kiganja, akakaa sawasawa, akaniangalia vile alivyokuwa akituangalia kabla ya kusomewa insha.

"Hebu rudia hapo pa punda," alisema. "Polepole."

Nikarudia tangu mwanzo, pamoja na tarehe.